Tisa, kumi au kumi na moja? Nyuzi za gitaa la umeme zipimwe kwa tuni kwanza

"Fundi, niwekee kumi."

Kijana ameshalaza gitaa juu ya meza yangu, bado liko ndani ya mfuko wake, na namba ametaja kabla salamu hazijaisha. Nikamuuliza bendi yao wanatuni wapi, yaani nyuzi wanazikaza mpaka sauti gani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa gitaa lake limezaliwa wilaya gani.

"Kawaida tu, fundi. E."

"Hata kwaya ikiwa na yule mama anayeongoza?"

Akacheka. "Aa, huyo tunamshushia nusu. Sauti yake haifiki."

Basi hiyo kumi yake si kumi. Mazungumzo haya nimeyarudia mara nyingi hapa Kampala, kwa Kiswahili, maana wapiga gitaa wanaonijia ni mchanganyiko: Mkongo wa solo, mtu wa Busia kama mimi, mpiga rizimu wa Jinja, na mwimbaji mwenye gitaa ambaye Kiswahili chake ni cha "ssebo" (bwana, kwa Kiganda) nyingi katikati. Wote wanajua namba ya nyuzi zao. Wachache wameilinganisha na tuni yao. Ndiyo maana naandika ulinganisho huu kuanzia tuni, kisha mkono, na jina la pakiti mwisho kabisa.

Namba yenyewe kwanza, tuimalize haraka. Kumi maana yake ni unene wa uzi wa kwanza, ule mwembamba, kwa sehemu za elfu za inchi. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo kumi ni milimita 0.25 hivi, tisa ni 0.23, na kumi na moja ni 0.28. Tofauti hiyo huioni kwa jicho. Kidole kinaiona mara moja. Pakiti ikiandikwa 10-46, mwembamba ni 10 na mnene wa sita ni 46. Dukani watu wanasema tu "seti ya kumi".

Lakini kidole hakisikii unene, kinasikia mkazo. Uzi uleule ukiukaza ni mgumu, ukiulegeza ni mlaini. Mkazo unatoka kwenye vitu vitatu: unene wa uzi, urefu wake kutoka nati (kichwani mwa shingo) hadi daraja (mwilini mwa gitaa), na sauti uliyoutunia. Na vyote vitatu havipandi moja kwa moja, vinapanda kwa kujizidisha. Ongeza unene kwa sehemu moja ya kumi, mkazo unaongezeka kwa zaidi ya moja ya tano. Ndiyo maana mtu akitoka kumi kwenda kumi na moja anarudi baada ya siku mbili akilalamika vidole, na anadhani gitaa limeharibika.

Hizi ndizo seti tano ambazo mtu wa hapa atakutana nazo. Mkazo nimeuweka kwa kilo, kwa tuni ya kawaida ya E, yaani uzi wa kwanza na wa sita ni noti ya E, kwenye gitaa lenye urefu wa inchi 25.5, yaani aina ya Stratocaster. Chukulia ni makadirio, kwa sababu kila kiwanda kina tofauti zake ndogo.

| Seti | Nyuzi, kuanzia wa kwanza | Uzi wa kwanza | Zote sita |
|---|---|---|---|
| 9-42 | 9, 11, 16, 24, 32, 42 | kilo 6 | karibu kilo 39 |
| 9-46 | 9, 11, 16, 26, 36, 46 | kilo 6 | karibu kilo 43 |
| 10-46 | 10, 13, 17, 26, 36, 46 | kilo 7.4 | karibu kilo 47 |
| 11-49 | 11, 14, 18, 28, 38, 49 | kilo 8.9 | karibu kilo 54 |
| 10-52 | 10, 13, 17, 30, 42, 52 | kilo 7.4 | karibu kilo 55 |

Sasa shusha nusu toni, kama wanavyofanya akina kijana wangu kwa ajili ya yule mama. Mkazo wote unapungua kwa karibu asilimia 11. Shusha toni nzima, unapungua kwa karibu asilimia 21. Weka hesabu hiyo juu ya jedwali uone: seti ya 10 iliyoshushwa toni nzima, uzi wake wa kwanza unabaki na kilo 5.9, yaani ni tisa tu iliyovaa nguo ya kumi. Na seti ya 11 ikishushwa nusu toni, jumla yake ni kama kilo 48, karibu sawa kabisa na 10 iliyoko E. Mtu anayesema "mimi ni mtu wa kumi" huku bendi yake imeshusha nusu, mkono wake unataka kumi na moja. Hajui tu.

Kuna na urefu wa gitaa. Aina ya Les Paul ina urefu wa inchi 24.75 hivi, au milimita 628, wakati Stratocaster ina milimita 648. Sentimita mbili hizo zinakupunguzia mkazo kwa asilimia 6 hivi. Si nyingi, ila ukiwa na gitaa fupi na pia umeshusha tuni, mbili hizo zinajumlishana na nyuzi zinaanza kugonga freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo. Kijana wangu ana gitaa fupi. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Tisa au kumi, ukiwa kwenye E

Hapa ndipo ubishi mwingi ulipo, na mimi nina upande wangu.

Tisa ni nzuri kwa mtu anayevuta nyuzi. Ukipiga blues au roki, ule mtindo wa kusukuma uzi juu mpaka sauti ipande toni nzima, halafu unaushikilia pale huku unautetemesha, tisa inakutii. Kwa anayeanza vilevile, tisa inampa wiki chache bila maumivu, na wiki hizo ndizo zinazomfanya asiliuze gitaa. Wapo waliokwenda chini zaidi: Billy Gibbons wa ZZ Top anajulikana kwa kutumia nyuzi zinazoanzia saba, na hakuna aliyemwambia gitaa lake lina sauti nyembamba.

Ubaya wa tisa unaonekana kwa mtu mwenye mkono mzito. Ukibonyeza uzi mwembamba kwa nguvu, hasa kwenye freti ndefu, unaupandisha bila kujua, na kodi yako, yaani noti kadhaa unazopiga pamoja, inatoka juu kidogo ya kinanda. Nimesikia hili kanisani mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Mpiga kinanda anamtazama mpiga gitaa, mpiga gitaa anatazama tuna yake, kile kipima sauti, tuna inasema kila kitu kiko sawa. Ni kweli kiko sawa, uzi ukiwa wazi, haujabonyezwa. Tatizo ni mkono. Mkono wa kulia nao: ukicharaza rizimu kwa nguvu, uzi wa sita wa 42 unayumba sana, sauti inapanda kwanza halafu inashuka, na besi ya kodi inakuwa kama imelewa.

Kwa hiyo kwa rizimu ya kusifu na kuabudu, kodi nzima nzima kwa dakika nane bila kupumzika, napendelea kumi. Kwa reggae pia, ule mkato mfupi wa juu ambao lazima uzime mara moja. Uzi uliokaza unazima vizuri zaidi. Ukiwa hapo katikati, yaani unapiga rizimu nzito lakini unataka kuvuta nyuzi za juu wakati wa solo, 9-46 ipo kwa ajili yako. Tatu za juu ni za tisa, tatu za chini ni za kumi. Watu wanaipuuza kwa sababu jina lake halina sifa, lakini mimi mwenyewe nilikaa nayo miaka mingi.

Kuhusu sauti, niseme ukweli unaowaudhi wengi: tofauti ya sauti kati ya tisa na kumi ipo, lakini ni ndogo kuliko ile ya kugeuza kifundo kimoja cha amplifaya. Uzi mnene una chuma kingi zaidi mbele ya pikapu, kile kinasa sauti chini ya nyuzi, hivyo unatoa nguvu zaidi. Ukisikia sauti yako ni nyembamba, anza na kifundo. Nyuzi zibadilishe kwa sababu ya mkono.

Mfano wangu wa siku zote ni watu wawili. Stevie Ray Vaughan, mpiga blues wa Marekani, alitumia nyuzi nene sana, uzi wa kwanza ukiwa 13, akashusha nusu toni. Tony Iommi wa Birmingham, wa bendi ya Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani mwaka 1965, vidole vya mkono wa kubonyezea, akalazimika kutumia nyuzi nyembamba, na kufikia mwaka 1971 alikuwa anashusha toni moja na nusu ili zilegee zaidi. Mmoja nyuzi za kamba ya meli, mwingine nyuzi laini zilizolegezwa, na wote wawili tunawataja tukizungumza sauti nzito. Sasa niambie uzito huo ulitoka kwenye namba ya pakiti.

Kumi au kumi na moja, ukishusha

Uganda tunashusha sana. Sababu ni waimbaji. Bendi ya harusi inaweza kupiga saa nne mfululizo, na mwimbaji anayetaka kufika mwisho akiwa na koo hawezi kupanda kila wimbo kwenye sauti yake ya asili. Akiomba mshushe nusu, shusheni. Yeye ndiye anayelipisha.

Kama mnashusha nusu na hamrudi tena juu, chukua 11-49. Mkono wako utahisi karibu uleule wa kumi kwenye E, uzi wa sita hautayumba, na kodi zitabaki safi. Kama mnashusha toni nzima, 11 bado ni sawa. Uzi wa kwanza utakuwa na kilo 7.1, laini kidogo kuliko kumi ya kawaida, na ukivuta utafurahi.

Shida inakuja kwa anayepanda na kushuka. Jumamosi yuko kwenye kwanjula, sherehe ya utambulisho kabla ya harusi, na bendi inayoshusha, Jumapili yuko kanisani kwenye E. Huyu asinunue 11. Kwenye E itamchosha, na ataanza kubonyeza kodi nusunusu. Abaki na kumi, akubali ulegevu kidogo Jumamosi, na apige kwa upole. Au awe na magitaa mawili, kama Mungu amemjalia.

Niliwahi kukosea hapa mwenyewe. Tulikuwa tunakwenda Masaka kupiga kwenye kwanjula, nikabadilisha nyuzi asubuhi ileile, nikaweka tisa kwa sababu ndizo zilizokuwepo. Sikuwaza kwamba siku hiyo tunashusha toni nzima. Tulipoanza, uzi wa sita ukawa unagonga freti kama mtu anayepiga sahani kwa kijiko. Kila kodi ya chini, tak-tak-tak. Nikapandisha vitandiko vya daraja, vile vipande vinavyobeba nyuzi, nusu ya pili ya sherehe, huku nimeinama nyuma ya amplifaya, na shemeji wa bwana harusi akadhani nimeangusha pesa, akaja kunisaidia kutafuta.

Solo ya Kikongo, na ule uzi wa nne

Sehemu hii ndiyo ninayoipenda zaidi, na ndiyo chati nyingi za nyuzi haziigusi.

Rumba imekaa Kampala zamani sana. Bendi zetu kubwa zilijifunza kwenye rumba, Afrigo ilipoanzishwa mwaka 1975 ilikuta mji umeshazoea gitaa la Kikongo, na mpaka leo solo la bendi nyingi linafuata njia hiyo: sebene, juu ya shingo, freti ya 12 na kuendelea, noti fupi fupi zinazorudi zikizunguka, sauti safi isiyo na mkwaruzo. Mpigaji wa sebene havuti nyuzi sana. Anataka kila noti itoke kama punje ya mtama. Kwa huyo, kumi kwenye E. Tisa inakubali, lakini ule mpigo wa haraka wa piki, kile kipande cha kupigia nyuzi, unaifanya itetemeke kupita kiasi. Kumi na moja inamchelewesha.

Halafu kuna mi-composé. Mzee mmoja wa Bunia ndiye aliyenionyesha kwa mara ya kwanza, akinihesabia nyuzi kwa majina yao, mi, la, re, sol, si, mi, kidole chake kikasimama kwenye re. Unatoa uzi wa nne, ule wenye waya wa kuzungushiwa, mahali pake unaweka uzi mwembamba usio na waya, na unautuni D, lakini oktavu moja juu. Ghafla shingo yako ina nyuzi nyembamba zinazokaa karibu karibu, na mkono unaozunguka kwenye umbo la kodi moja unatoa mchirizi wa noti ambao kwenye gitaa la kawaida ungehitaji kuruka. Ukisikia gitaa la rumba linalometa katikati ya solo na rizimu, mara nyingi ni hilo.

Uzi gani sasa? Wengi wanachukua uzi wa kwanza wa akiba. Hesabu ni hii: D hiyo ya juu iko toni moja tu chini ya uzi wa kwanza. Ukiweka tisa, utakuwa na kilo 4.8, umelegea, unakimbia chini ya kidole. Ukiweka kumi, kilo 5.9. Mimi naweka kumi na moja, napata kilo 7.1, inalingana na kumi ya uzi wa kwanza na mkono hautofautishi. Nunua uzi mmoja mmoja kama duka linauza hivyo. Usifungue seti nzima ya 11 kwa ajili ya uzi mmoja.

Kazi halisi iko kwenye nati, kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji sita kichwani mwa shingo. Mfereji wa nne ulichongwa kwa uzi wa 26. Wa 11 ukikaa humo ni kama mtoto kwenye kiti cha babu: unateleza huku na huku, unalia kama zumari ukipigwa wazi, na ukivutwa kidogo unahama. Ninachofanya ni kujaza mfereji ule kwa unga wa magadi ya kuokea mikate, nadondosha tone moja la supaglu. Unga unashika palepale, unakuwa mgumu kama jiwe, unatoa moshi kidogo, usiuvute puani. Nachonga upya, taratibu, kwa kifaili chembamba, mpaka uzi ukae nusu ndani nusu nje. Halafu kwenye daraja, kitandiko cha uzi huo nakisogeza mbele kidogo kuelekea shingoni, kwa sababu uzi mwembamba hauhitaji fidia kubwa kama mnene. Usipofanya hivyo, freti ya 12 itakuwa chini na utalaumu uzi.

Ukiamua kurudi kwenye tuni ya kawaida, unachonga tena. Kwa hiyo usifanye mi-composé kwenye gitaa lako pekee. Tafuta la pili, hata bovu.

Kadongo kamu, muziki wa Waganda wa mtu na gitaa lake, kwa kuwa kuna atakayeuliza: jina lenyewe linasema ni kigitaa kimoja, na kwa asili ni gitaa kavu. Anayelipiga kwenye la umeme, dole gumba likitembea na besi wakati vidole vinajibu, namshauri 11-49 hata kwenye E. Dole gumba linahitaji kitu cha kusukuma.

Chini kabisa, na pembeni

Kushusha uzi wa sita peke yake hadi D: nyuzi tano hazijabadilika, ni mmoja tu uliolegea. Hapo ndipo 10-52 ilipotengenezewa, juu laini, chini nene. Lakini ukiipigia E ya kawaida, utaona zile tatu za chini zimekuwa ngumu mno kulinganisha na tatu za juu, kama gari lenye magurudumu ya ukubwa mbili. Usiinunue kwa ajili ya kuonekana.

Vijana wa metali, wapo hapa ingawa si wengi, wanashuka mpaka C. Kwao kuna seti za 12-56. Namba hiyo inatisha ukiisoma, lakini ukishusha zote toni mbili mpaka C, jumla ya mkazo inarudi kuwa karibu kilo 46, yaani mkono wa kumi kwenye E. Ukiiweka kwenye E utavunja moyo wako kabla hujavunja uzi.

Jazi: uzi wa tatu wenye waya wa kuzungushiwa, seti ya 11 au 12, uvutaji haupo. Gitaa la kuteleza kwa chupa: nene, ili chupa isigonge freti, na vitandiko juu. Tuni za wazi, ambapo nyuzi zisizobonyezwa zinatoa kodi kamili, ni za aina mbili tofauti, na usizichanganye. Ya D au G inalegeza nyuzi, kwa hiyo nenda nene. Ya E inakaza nyuzi tatu zaidi ya kawaida, kwa hiyo shuka namba moja, la sivyo shingo itakudai.

Pakiti inaposema uongo

Kuna wakati nilikuwa na hasira na mkono wangu mwenyewe. Nilinunua seti tatu za kumi mjini, pakiti zuri, rangi zote mahali pake, na kila nikiweka nasikia tisa. Nikadhani nimezoea vibaya. Rafiki yangu ni fundi wa chuma Katwe, ana kalipa ya kupimia vipande anavyochonga. Nikampelekea uzi wa kwanza. Akaubana, akaangalia, akanigeuzia kioo: 0.23. Tukapima wa pili kutoka pakiti nyingine: 0.23. Wa tatu, 0.24. Wa sita ulikuwa na waya usiokaa sawasawa. Ukiupitisha kidole unasikia vidonda.

Sasa hivi, nikinunua mahali nisipopajua, kabla ya kufungua zote naangalia vitu viwili. Kile kipete kidogo cha mwisho wa uzi: kimekazwa vizuri, au uzi unazunguka ndani yake? Na zile nyuzi za waya, zimezungushwa bila nafasi? Kama una rafiki mwenye kalipa, mnunulie soda.

Jasho na unyevu wa ziwa navyo vinafupisha maisha ya uzi kuliko namba yoyote. Pakiti nzuri ya tisa inayopanguswa na kitambaa kila baada ya kupiga itakaa kuliko ya kumi iliyoachwa na jasho la sherehe mpaka Jumatano. Nyuzi zilizopakwa utando zinakaa zaidi, zinauzwa ghali zaidi, na mkono wa wengine hauzipendi kwa sababu zinateleza. Mimi ni mmoja wao.

Kabla hujabadilisha namba

Ukiongeza namba, shingo inavutwa zaidi na inapinda mbele. Nondo iliyo ndani ya shingo inaweza kuhitaji kukazwa robo ya mzunguko, si zaidi kwa siku moja. Ukipunguza, ni kinyume, na nyuzi zinaanza kugusa freti za kwanza. Gitaa lenye tremolo inayoelea linasumbua zaidi: springi za nyuma zinashindana na nyuzi za mbele, hivyo ukiongeza mkazo mbele daraja linanyanyuka, na unapaswa kukaza springi au kuongeza moja. Ukiona unatuni uzi wa kwanza na wa sita unashuka, wala usilaumu funguo. Ni hilo.

Na nati tena. Kutoka 46 kwenda 52, uzi unakwama mferejini. Unasikia ukituni, kimya, kimya, halafu "tik", sauti inaruka. Risasi ya penseli mferejini inasaidia kidogo. Kifaili ndicho kinachomaliza.

Huyo kijana sasa. Gitaa fupi, nusu toni chini, mkono wa kulia wa kwaya usio na huruma. Nikamwekea 11-49, nikachonga nati mifereji mitatu, nikakaza nondo kidogo, nikapandisha uzi wa sita. Zile kumi alizonunua nikamwambia nitamtunzia. Jumatatu akaniandikia kwamba vidole vinamuuma. Nikamjibu avumilie mpaka Ijumaa.

Ijumaa akaandika tena. Yule mama amehamia kwaya nyingine. Aliyechukua nafasi yake ni binti wa miaka 19 mwenye sauti ya juu, na tangu jana wanatuni E. Nikamwambia alete gitaa. Kumi zake ziko kwenye droo.